Mwalimu Taratibu Alazwa Wodini Kwake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna mzee hapo nyumbani, mwiteni asikilize nasi. Leo tunamkumbuka mwalimu wa wauguzi ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Taratibu. Alitutoka wiki iliyopita, katika wodi ileile aliyoitumikia miaka mingi.

Kazi yake ilikuwa kuwafunza wauguzi kuwahudumia wazee. Narudia: wazee. Siku ya kwanza darasani aliwavalisha wanafunzi miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, akawaziba masikio kwa pamba, kisha akaagiza walishwe na mtu asiyesema neno. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijiko kilipogonga meno, kicheko kikakatika.

"Sasa mmejua," akasema. "Mzee si mkaidi. Anaogopa."

Na kuna jambo alilolikazia kuliko yote. Mzee hachanganyikiwi ghafla bila sababu. Akianza kuweweseka, tafuta chanzo: kiu, dawa, homa iliyojificha, mkojo uliozuilika.

Kisha uongozi wa hospitali ukalifuta somo lake. Mgonjwa ni mgonjwa, walisema, mzee hana mambo ya peke yake. Binti yake anakumbuka mama alivyorudi siku hiyo, akakaa sebuleni bila kuwasha taa.

"Nikamuuliza, mama, unalilia kazi? Akasema, 'Kazi nitaisahau. Nawaza siku nitakayolazwa mimi.'"

Siku hiyo haikukawia, wasikilizaji wapendwa. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri, akalazwa katika wodi yake ileile. Lakini kesho yake alianza kuchuna shuka na kumwita binti yake "mama". Binti akamkimbilia muuguzi wa zamu, msichana aliyeajiriwa karibuni.

"Sista, mama hayuko sawa. Jana tu alikuwa ananitania."

"Ni uzee, dada yangu. Wote huwa hivyo."

Mwalimu alipojaribu kushuka kitandani, wakamfunga mikono kwa bandeji, wakamchoma sindano ya usingizi. Narudia: wakamfunga mikono. Chakula kililetwa, kikaondolewa kama kilivyokuja.

Binti akampigia simu mwanafunzi wa zamani wa mama yake, sasa muuguzi katika hospitali nyingine. Huyo alifika, akafunua shuka, akagusa tumbo. Kibofu kilikuwa kimejaa, kigumu kama mpira. Mkojo ulipotolewa ulikuwa mzito, wa rangi ya chai. Matibabu yakaanza, na jioni akili ikamrudia mwalimu. Akaiona michubuko mikononi. Akamwona na yule msichana mlangoni, anafuta machozi.

"Njoo, mwanangu. Lete mkono. Uguse hapa kwanza, kabla ya kusema ni uzee."

Akamfunza palepale, kwa tumbo lake mwenyewe.

Lakini maambukizi ya mkojo yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Alfajiri akakata roho.

Makaburini, msichana yule alisimama nyuma kabisa. Binti akamfuata, akamshika bega. Baadaye aliniambia, "Simchukii. Alitupwa wodini bila kufunzwa, na mama akatupwa kwake."

Kwa binti, wajukuu na wanafunzi wote wa mwalimu: poleni sana. Mola amlaze pema.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Juzi nilipita pale hospitalini. Darasa lake wamelijaza magodoro yaliyochanika. Wodi imejaa wazee, na wauguzi wapya wameshaanza zamu. Mimi mvi zimeshaniota, na hospitali ya karibu na kwangu ni hiyohiyo.