Mchicha wa Maji ya Mtaroni

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo fundi cherehani hakuhitaji kutega sikio. Mkulima aliyemuuzia mchicha kituoni alikaa kiti cha mbele yake, akimsifia mzee mwenye ovaroli maji ya mtaro wa kiwanda anayomwagilia mchicha wake.

"Ni mbolea ya bure, mzee wangu. Jani lake unajikinga nalo mvua."

"Mwanangu, mimi ndiye ninayetia vitambaa rangi kiwandani humo," mzee alisema. "Tunachomwaga nakijua. Udongo wako unasemaje?"

"Unafanya ukoko mweupe kidogo, nauparua kwa jembe. Maharage yalikataa kuota, lakini maharage nayo yana maringo."

"Kinachoua maharage hakiwezi kuupenda mchicha. Mchicha unakinywa tu, halafu sisi tunaula."

"Wateja wangu wanarudi kila wiki. Maiti harudi sokoni."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Hata fundi cherehani alicheka, ingawa alikuwa amekwisha kuusogeza mchicha wake mbali kidogo na mkate.

Basi lilipokaribia geti la kiwanda, mkulima alisema mtu aliyecheka hivyo hawezi kushuka mikono mitupu. Akaliacha tenga lake la majani mapana, akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kutoa kifungu kidogo cha mchicha kilichosinyaa.

"Mpelekee mama. Huu ni wa nyumbani kwangu, tunaumwagilia maji ya kisima."

Basi likasimama. Fundi cherehani alitazama majani ya mchicha wake yaliyomfunika magoti yote mawili.