Mwanga Ulipofifia Tulipiga Makofi

Risala ya mafundi wa ukutani kwa mgeni rasmi, siku alipokuja kuamua hatima ya mtambo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, wanasayansi, wafanyakazi wenzetu,

KARIBU

Karibu kwenye ukumbi wa mtambo. Utuwie radhi kwa rundo la viti vya plastiki nyuma yako. Siku hizi ukumbi huu ndio stoo. Ofisi imetuomba mambo mawili: tusome ukurasa mmoja tu, na tusifukue ya zamani. Ukurasa ni mmoja. Hilo la pili limetushinda.

SISI NI NANI

Sisi ni mafundi kumi na mmoja. Mtambo huu, tokamaki, ni chungu cha chuma chenye umbo la pete. Ndani yake gesi kidogo hupashwa moto mpaka inakuwa plazma, na sumaku huishikilia katikati isiguse chuma. Wenzetu wana kazi ya kuwasha moto. Sisi tuko pale moto unapoishia na ukuta unapoanza: vigae elfu mbili na mia sita, tulivyovipanga kwa mikono, tukiwa tumelala chali ndani ya pete.

Aliyetufundisha ni Mama Kidole, yule aliyeketi mstari wa mbele. Jina hilo hakupewa bure. Kigae kikichomoza kuliko mwenzake, hata kwa unene wa ukucha, plazma hukilamba mpaka kikayeyuka. Vipimo tunavyo, lakini yeye hupitisha kidole kwenye kila kiungo, kisha husema, "Huyu ana kiherehere. Mtoe." Tunamtoa. Hatujawahi kujuta.

TULICHOKIPATA, NA KILIVYOPOTEA

Mgeni rasmi, moyo wa plazma hauonekani kwa macho. Joto lake limepita kiasi cha kutoa mwanga tunaoujua. Kinachoonekana kwenye kamera, ile rangi ya waridi, ni ukingo tu, pale plazma inapopoa jirani na vigae vyetu. Kwa miaka tisa tuliutazama ukingo huo ukitapatapa kama maji yanayochemka, ukimwaga joto ukutani. Wanasayansi waliisubiri siku ambayo ungetulia wenyewe na kulifungia joto ndani. Dalili yake tuliijua wote, hata mfagiaji: mwanga hufifia ghafla, kwa sababu kinachovuja ndicho kinachong'aa, na uvujaji umekoma.

Siku hiyo ilifika. Ilifika mbele ya mgeni rasmi aliyekutangulia. Sisi tulikuwa tumebanana mlangoni mwa chumba cha kuongozea mtambo, maana ndani viti vilikuwa vya wakubwa. Mwanga ukafifia. Ukingo ukanyooka kama uzi. Mama Kidole akasema taratibu, "Wanangu, umetulia." Tukaruka. Tukapiga makofi. Mmoja wetu akapiga vigelegele.

Mgeni akageuka. "Umezimika, halafu mnashangilia?"

Alidhani tunamcheka. Akainuka. Utulivu ule ulidumu sekunde nne. Sekunde ya tatu ilimkuta akielekea mlangoni. Wakubwa wetu, waliojua vizuri kuliko sisi, walimfuata wakiwa wamembebea koti. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mheshimiwa, rudi, ndiyo hii tuliyokuitia." Ripoti ikaandikwa kwamba mtambo ulizimika mbele ya mgeni na kwamba mafundi hawana nidhamu. Nakala tunayo. Tunajua hata ni nani aliyeshika koti.

CHANGAMOTO

Mahali hapa kwenye risala huwa pana orodha. Sisi tuna jambo moja: mtambo haujawashwa tena kwa miaka mitatu na miezi miwili.

Lakini pampu za kunyonya hewa hatujazizima hata siku moja. Hakuna aliyetutuma. Hewa ikiingia mle ndani, vigae vitakunywa unyevu, na kuvikausha ni kazi ya miezi. Basi tunapokezana. Mwenzetu mmoja alitoka kwenye harusi ya dada yake, na suti yake, akaja kubadilisha mafuta ya pampu. Dada mtu hajamsamehe mpaka leo. Na wewe Mkurugenzi, uliyekuwa ukiuliza kila mwezi umeme wa ukumbi huu unakwenda wapi, leo umepata jibu.

Tuliambiwa, "Nyinyi ni mafundi, haya hamtayaelewa." Tukaokota vitabu vilivyotupwa na maktaba, tukavisoma kwa kamusi, mstari kwa mstari, wakati wa chakula cha mchana. Tukayaelewa. Kumbe kuelewa ndiko kunakouma.

Mama Kidole anastaafu baada ya siku nane. Juzi tulimkuta ameketi mbele ya skrini iliyozimwa. Tukamwuliza, "Mama, unatazama nini?"

"Naikumbuka rangi yake," akasema. "Nimeanza kuikosea."

OMBI

Hatuombi sare wala vyeo. Kuombwa radhi hatuombi, ingawa tungepokea. Tunajua mkobani mwako mna karatasi mbili, ya kuwasha na ya kubomoa. Tunaomba usitie saini yoyote kabla hujaona kwa macho yako. Mtambo uwashwe mara moja, Mama Kidole akiwa bado kazini. Kwa kuwa pampu hazijalala, siku sita zinatosha kuuandaa. Wanasayansi wanalijua hili. Wao wananong'ona, sisi tunasema.

Uje uketi. Utaona waridi likihangaika kwenye ukingo. Kisha, Mungu akipenda, litafifia. Sisi tutapiga makofi, na nidhamu itatusubiri nje. Tafadhali usiinuke. Hesabu pamoja nasi mpaka nne.

Kiti chako tumeshakitoa kwenye lile rundo, tumekifuta vumbi. Kiko kando ya cha Mama Kidole.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, aibariki mikono itakayouwasha mtambo, na akujalie subira ya sekunde nne.

Ni sisi,
Mafundi wa Ukutani