Goti Lisilouma

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi wa shughuli hii. Mwenyekiti wa Mtaa wa hapa Old Korogwe uliyetupa uwanja wako. Sheikh wetu na Mchungaji wetu. Wazee wangu wote, shikamooni. Wanachama wenzangu wa Chama cha Baiskeli za Mlimani Handeni, pamoja na wake, waume na watoto wenu. Akina mama wa Magoma mliopakia masufuria kwenye bodaboda mkatuletea chakula hapa, baada ya kusikia kwamba leo hatutafika kwenu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Kama yuko mkubwa aliyeketi hapa mbele na sikumtaja, naomba asione nimemdharau. Sababu ya kutomtaja ndiyo hotuba yenyewe, na nitaifikia.

Muda mfupi uliopita mshereheshaji amenisomea cheti. Kimeandikwa kwamba mimi, Mwalimu Muhsin, mwasisi wa chama, natunukiwa kwa moyo wa kunyonga baiskeli miaka miwili mizima huku nikiteswa na goti. Mmenipigia makofi. Kisha mmenikabidhi fimbo hii ya mpingo, ya kulipumzisha hilo goti sasa ninapoiacha baiskeli. Fimbo nimeipokea. Cheti naomba kibaki pale mezani, kwa sababu yaliyoandikwa humo si kweli, na aliyeusema uongo huo si aliyekiandika.

Ndugu zangu, goti langu haliumi. Halijawahi kuuma hata siku moja.

Ninachoumwa ni macho. Miaka miwili iliyopita daktari mmoja kule Tanga aliniambia nina presha ya macho, na akaniambia jambo la pili polepole, kama mwalimu anayesoma imla: kuona kulikokwisha kuondoka hakurudi, na dawa ni ya kuchelewesha tu kilichobaki. Leo kilichobaki ni kitundu. Nikimtazama mtu usoni napata pua na jicho moja, mengine yote ni ukungu. Mheshimiwa Diwani, nimeambiwa uko kushoto kwangu na nimekusikia ukikohoa, lakini sikuoni.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimejipanga kusema. Nikamkuta mke wangu Hajira anapepeta mchele, nikamwambia daktari hakuona kitu. Kesho yake nikaona nitasema wiki ijayo. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita, nimewafundisha wengi wenu kusoma ramani, chama hiki nimekianzisha kwa kuwaonyesha watu njia. Ningesimama mbele ya nani niseme kwamba njia siioni? Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Kisha tukaenda Kang'ata, kwa rafiki yangu Semboja. Wote mnamjua Semboja, mkulima, mtu wa kwanza kujiunga nami miaka kumi na miwili iliyopita, tulipokuwa na baiskeli mbili na pampu moja. Siku hiyo nikaingia kwenye korongo ambalo hata mtoto angelikwepa, nikaanguka. Semboja akaja mbio, akaniinua, akauliza, "Ni goti, Mwalimu?" Nikajibu, "Goti."

Neno moja tu. Sikulibuni hata mimi, yeye ndiye aliyeniwekea mdomoni kwa huruma yake, nami nikalipokea. Kuanzia hapo kila nilichogonga kilikuwa ni goti, kila nilipochelewa ilikuwa ni goti. Hajira, mke wangu, umelikanda goti hili kila jioni kwa miaka miwili. Hata jana ulilikanda ukaniambia limevimba. Halikuvimba, mama. Ni mapenzi yako tu yaliyoliona limevimba. Naye Semboja akamwomba mama yake amkamulie mafuta ya nyonyo, na toka siku ile hakuna safari aliyokwenda bila chupa ya mafuta mfukoni, kwa ajili ya goti la Mwalimu.

Sasa niliwezaje kunyonga baiskeli? Nilimfuata binti yangu. Rukaya, baiskeli yako tuliinunua kuukuu, na gurudumu lake la nyuma lina makelele: ukiacha kukanyaga pedeli linalia tiki-tiki-tiki, ukikanyaga linanyamaza. Nilijifunza ule mlio kama watu wanavyojifunza adhana. Kimya maana yake unakanyaga, njia ni tambarare au ni mlima. Mlio maana yake umeachia, mbele kuna mteremko, nishike breki. Watu walikuwa wakinisifu kwamba Mwalimu ni baba, habanduki nyuma ya binti yake, anamlinda. Na wewe mwanangu uliamini hivyo. Niliwaacha waseme, nikakuacha uamini, na kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinilinda mimi pasipo kujua.

Safari hii tuliyoianza jana ndiyo iliyokuwa safari yangu ya kuaga. Jana asubuhi mlitoka Handeni na watoto, na wakwe, na marafiki, wengine baiskeli zao za kuazima, mkaimba, mkanitaka nitangulie. Nikasema, "Hapana, nitakaa nyuma ya Rukaya kama kawaida yangu." Mkacheka, nami nikacheka.

Tulipofika Sindeni tukapumzika kula. Fundi wetu Matayo, ambaye babu yake aliletwa kutoka Tabora kuja kukata mkonge, na ambaye kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mzigua na hanionei haya hata kidogo, akasema haiwezekani binti wa Mwalimu aingie Korogwe siku ya kumuaga baba yake kwa makelele ya mashine ya kukoboa. Wakati mimi nimejilaza kivulini, akalifungua lile gurudumu, akalisafisha, akalijaza grisi. Alifanya kazi safi. Ilikuwa zawadi yake kwetu, na hakuomba hata asante.

Wengi mlikuwepo kwa yaliyofuata. Mvua za mwaka huu zimekata njia yetu ya zamani, tukashika njia ya ng'ombe ambayo sijawahi kuipita nikiwa na macho. Mbele yangu kukawa kimya. Kwangu kimya kilikuwa na maana moja, nikaendelea kukanyaga. Mwili uliponiambia kwamba tunashuka, nilikuwa nimeshachelewa.

Sheria ya chama chetu mnaijua: mtu akishuka mteremko anamsubiri mwenzake chini kabisa, pembeni mwa njia. Sheria hiyo aliiandika Semboja mwenyewe. Jana aliivunja. Hakunisubiri chini, alinisubiri katikati ya mteremko, kwenye kona, akiwa ameshuka kwenye baiskeli yake na kushika chupa ya mafuta, kwa sababu aliona mteremko ule ni mkali na goti la Mwalimu litauma. Rukaya alimpita salama. Mimi nilimgonga.

Je, angekuwa amesimama pale kama mimi nisingesema lile neno? Nimeligeuza swali hili tangu jana na kila upande linanipa jibu lile lile.

Na mngedhani mtu akifika hapo atasema ukweli. Semboja yuko chini, mguu umekaa vibaya, watu wanakimbia, mnaniuliza, "Mwalimu, imekuwaje?" Mdomo wangu ukasema, "Breki."

Breki zangu alizifunga Matayo juzi. Mtu mzima yule tangu jana hajala. Amezifungua breki zile mara tatu, hakuona kosa, akazifunga, akazifungua tena. Nimesikia kwa masikio yangu, hapa hapa uwanjani, watu wakiambiana wasimpelekee tena baiskeli za watoto wao. Nimesikia mzee mmoja akisema fundi wa namna hiyo ashitakiwe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima, na shada la maua shingoni, nikanyamaza.

Breki zilikuwa nzima, ndugu zangu. Matayo hana kosa lolote. Grisi si kosa, grisi ni kazi. Nani alimwambia kwamba binadamu mzima anaongozwa na kelele za gurudumu? Tafadhali, mzee uliyesema ashitakiwe, sijui umeketi wapi, nakuomba uinuke kabla hujaondoka umpe mkono.

Kuhusu Semboja, nitasema kama nilivyoambiwa hospitali. Mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Atapasuliwa. Huenda akatembea baada ya miezi sita, huenda akatembea kwa magongo. Baiskeli wamesema tusimtajie. Mahindi yake kule Kang'ata yamefika magotini na palizi ni wiki hii. Jana nilitaka kujitolea nikampalilie shamba. Kisha nikakumbuka kwamba siwezi kulitofautisha hindi na magugu, ningemfyekea vyote. Nimemvunja rafiki yangu, na sifai hata kumlimia.

Mlitarajia hotuba ya kuaga iwe na matumaini kidogo mwishoni. Nimeyatafuta, sikuyapata. Macho haya hayatapona. Mguu ule hautarudi ulivyokuwa. Hajira hawezi kurudishiwa jioni zake. Chama kitaendelea, na nawaombea kiendelee, lakini naomba jina langu msiliweke kwenye kombe lolote.

Ila kuna hili moja. Asubuhi Matayo ametoka hospitali, alikolala kwenye benchi akimuuguza mgonjwa ambaye mimi ndiye niliyemuumiza, na amenijia na salamu pamoja na hiki nilichoshika mkononi. Ni ile chupa. Semboja alianguka nayo, akapanda nayo gari, haikupasuka. Maneno yake ameniletea Matayo kama yalivyosemwa. Semboja anasema, "Mpeni Mwalimu. Mwambieni asiwe na wasiwasi na mimi, breki ni chuma, na chuma hukosa. Asisahau kupaka kabla ya kulala, jana goti lazima liligonga chini."

Hajui. Amelala pale na maumivu yake, na bado anaumia kwa ajili ya goti langu.

Kwa hiyo sitakaa kula. Akina mama wa Magoma, mnisamehe, chakula chenu nimekisikia harufu yake na ninyi hamstahili kususiwa. Nakwenda hospitali kumrudishia chupa yake na kumwambia niliyowaambia ninyi. Mheshimiwa Diwani, wazee, Sheikh, Mchungaji, wanachama na familia zenu, nawashukuru kwa miaka kumi na miwili, kwa safari hii, kwa fimbo, na kwa kunisikiliza mpaka hapa bila kunizomea.

Kupanda jukwaa hili niliinuliwa na mshereheshaji, nikajifanya nacheza naye. Kushuka siwezi, ngazi sizioni. Hajira, kaa, mama. Rukaya, kaa, mwanangu. Mmenibeba vya kutosha bila kujua mlichokuwa mmebeba. Naomba mkono wa Matayo. Matayo, mtani wangu, kama bado mkono wako unakubali kunishika, njoo unishushe, twende wote kwa Semboja.

Kama haukubali, sitakulaumu. Nitasimama hapa hapa.