Neno "Lete" Lilivyotaka Kunirudisha Arua

Ndugu zangu wa masomo ya jioni, wale mnaosema kusoma nje ni raha tupu, leo mnyamaze kidogo mnisikilize.

Mnajua nilivyosoma hapa Arua, Uganda, baada ya kazi, umeme ukikatika mara elfu kwa wiki. Chuo kikuu kiliponipeleka Tanzania muhula mmoja, nilijidai. Kiswahili? Mimi ni mtoto wa Koboko, babu yangu alikuwa askari, na Kiswahili chetu kilitoka kambini. Nani angenifundisha?

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Siku ya kwanza nikamwambia, "Wewe mama, lete maji ya kuoga." Aliniangalia mpaka nikahisi shati linaungua. Binti yake akaniamkia, "Shikamoo, kaka." Nikamjibu, "Mimi iko hapa tu, sijashika mtu."

Tangu hapo ikawa vita. Darasani wakaniita Afande. Nikifungua mdomo, nusu ya nchi inapiga saluti. Nami kwa hasira nikazidisha: sogea, toka, lete hapa. Nyumbani yule mama alininunia wiki mbili, kisha akasema, "Ijumaa uondoke. Mimi sijaolewa na jeshi." Chumba kingine sikuwa na uwezo nacho. Kuondoka pale kulikuwa kuacha muhula na kurudi kuchekwa na ninyi.

Nawaambia, niliwachukia wote, hadi kuku wao. Nikafunga begi. Alhamisi binti akasimama mlangoni.

"Afande, kwenu mtu akitaka maji anasemaje?"

"Anasema lete."

"Hata kwa mama yake?"

"Ndiyo. Analeta, halafu ananituma kuni."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Hapa hilo ni neno la bosi. Mama anadhani umemfanya mtumishi ndani ya nyumba yake."

Nikaliacha begi. Nikaenda uani, alikokuwa mama yake. "Shikamoo, mama. Naomba maji, kama yapo."

Akanyoosha kidole. "Marahaba. Ndoo ile pale. Jichotee mwenyewe, Afande."

Ijumaa ikapita, hakuna aliyeitaja.

Namshukuru mama yule, na binti yake zaidi. Wale wa saluti nawashukuru kidogo sana. Mnaojiandaa kwenda, kabla hamjamchukia mtu, mwulizeni neno lenu limemfikaje.

Na mkirudi, jihadharini. Nilifika Koboko nikasema, "Shikamoo, mama, naomba chai." Mama yangu akanishika paji la uso.

"Wewe iko mgonjwa?"

Nikamwambia, "Hapana. Lete chai." Ndipo akafurahi kwamba nimerudi.