Samaki Waliofukiwa Kichochoroni

Assalaam alaykum dada zangu, wajane wenzangu, na nyinyi mliotoka Kakuyuni na kwengineko ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo nyote. Nimeombwa niseme, nami si mtu wa kusema mbele za watu. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi. Mteja akiongea, mimi naitikia "ehe" huku nimeinama. Kwa hivyo nikikwama, nivumilieni.

Mnajua mume wangu alifariki. Yaliyofuata hamyajui, maana nimekuwa nikiona haya kuyasema. Yanahusu mawe.

Marehemu alikuwa dereva wa lori la maji. Alikuwa akijaza tangi na kupeleka Ganze, kule ambako mtu hutembea asubuhi nzima kwa ajili ya mtungi mmoja. Siku moja lori likamharibikia karibu na korongo. Akashuka kumngoja fundi, akaokota jiwe la mviringo lililopasuka upande mmoja, akaniletea.

"Hebu tazama," akaniambia, "humu mna samaki."

Nikamwambia, "Ganze maji ya kunywa hakuna, samaki atoke wapi?"

Nikalipeleka juani. Ndugu zangu, nawaambia, palikuwa na mkia. Mkia wa samaki, mistari yake myembamba kama uzi, umo ndani ya jiwe.

Baadaye mwalimu mmoja alitueleza kwamba zamani sana, kabla mtu hajakuwepo duniani, kule kulikuwa na maji. Samaki waliokufa walifunikwa na tope, tope likawa jiwe, na wao wakawa jiwe. Wakati ule hatukujua hayo. Tulichotaka ni kumuona samaki mzima.

Mimi nina mkono wa piko, na yeye alikuwa na jicho la kujua jiwe lipi lina kitu. Nilianza kwa sindano ya kushonea magunia. Kisha mteja wangu mmoja, anayefanya kazi kwa daktari wa meno, akanipa vile vyuma vyao vya kuchokolea vilivyochakaa. Unakwaruza kidogo, unapuliza vumbi, unapitisha mswaki, unatazama kwa kioo cha kukuzia. Unakwaruza tena. Mwiba wa pezi ni kama unywele. Mkono ukiteleza, umevunjika, na hauna dawa. Samaki mmoja aliweza kula miezi. Marehemu alikuwa akikaa mbele yangu amelishika jiwe kwa mikono miwili lisitikisike. Mara tunazungumza, mara tumenyamaza tu. Sisi hatukujaaliwa watoto, dada zangu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu baada ya kazi, miaka na miaka.

Tuliwaweka kwenye rafu chumba cha uani. Hatukuuza hata mmoja. Marehemu aliwapelekea habari watu wa makumbusho, wakamwambia tusiuze, tuwatunze vizuri, watakuja kuwaona na kuwaandika. Tukawa tunawangoja.

Msimu wa masika alirudi kutoka safari, akasema kichwa kinamgonga. Akakaa kitandani kuvua viatu. Kimoja alikivua. Nilipotoka jikoni na chai nikamkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Tulimfikisha hospitali, lakini kabla ya adhana ya alasiri alikuwa ameshaondoka.

Mtu akiwa msibani, mnajua mambo yalivyo. Hujui nani ameingia, nani ametoka, nani amekuvisha kanga hii. Aliyeshika shughuli zote ni wifi yangu, dada yake mkubwa marehemu, mtu wa Takaungu. Ni mwanamke wa kazi. Akifika msibani, sufuria zinajipanga zenyewe. Na siku zile mvua ilikuwa imekichimba kichochoro chetu, pana shimo la matope mlangoni, na watu walikuwa wanakuja kuzika. Kumbe wifi alitazama kile chumba cha uani, akaona mawe yamejaa na wanawake hawana pa kukaa. Akawaambia vijana, "Yatoeni hayo, mtandike mikeka. Mkayamwage kwenye lile shimo, watu wapate kupita." Vijana wakayamwaga. Wakayapigilia kwa nyundo yakae sawa. Jeneza la mume wangu lilipita juu yake.

Mimi nilikuwa ndani, sikujua. Nilikaa eda yangu ya miezi minne na siku kumi, bila hina, bila manukato, bila kutoka. Niliona chumba kitupu, nikauliza, nikaambiwa mawe yametolewa nje. Nikadhani yamewekwa bandani. Na sitawaficha, katika siku zile kilichokuwa kikinishikilia ni hicho tu. Nilikuwa nikijiambia, nikitoka nitakaa na samaki wetu, nitashika kilichoshikwa na mikono yake.

Siku niliyotoka eda nilikwenda bandani. Nikakuta kuni na makumbi ya nazi. Wifi alikuwa amekuja kupika chakula cha hitima, nikamuuliza, "Wifi, yale mawe yako wapi?"

"Mawe yapi?"

"Ya chumba cha uani."

"Ah, yale tulijazia shimo hapo kichochoroni, siku ile ya maziko. Huoni watu wanavyopita vizuri?"

Alisema kwa furaha, dada zangu. Alidhani nitamshukuru.

Nilitoka na kanga ya nyumbani. Nikainama pale nje. Katikati ya udongo nikaona ubavu wa samaki, magamba yake yamesuguliwa na viatu hadi yanang'aa. Viatu vya watu waliokuja kunipa pole. Nilitia ukucha, kikatoka kipande kama biskuti iliyovunjika.

Nilirudi ndani, nikamwambia wifi yangu, aliyenizidi umri, niliyekuwa nikimwamkia shikamoo tangu siku nilipoolewa, "Umewafukia samaki wetu. Toka kwangu." Akatoka na upawa mkononi.

Hapo ndipo nilipoanguka. Kufiwa kulinipiga nikabaki nimekaa. Hili lilinilaza. Niliacha kula. Mama mmoja aliniletea binti yake anayeolewa nimpake piko, mkono ukateleza, nikamharibia ua kwenye kiganja, nikamrudisha kwao analia. Tangu hapo nikafunga kazi. Watu wakisema, "Ni mawe tu, mshukuru Mungu," nilitamani kuwapiga. Nitamweleza nani kwamba mume wangu hakuacha picha nyingi, hakuacha mtoto, na mahali pekee ambapo alama ya vidole vyake ilikuwapo pamekanyagwa na mtaa mzima? Nilimzika mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na mtu wa kuninawisha uso.

Wifi alikuwa akija kutoka Takaungu. Atabisha, "Hodi, wifi." Sijibu. Ataacha bakuli kizingitini, na paka watakula. Akaja hivyo muda mrefu.

Asubuhi moja nikasikia chuma kinagonga mawe nje. Nikachungulia. Wifi yangu amepiga magoti katikati ya kichochoro, buibui lake limejaa vumbi, anachimbua kwa kisu cha jikoni. Jirani akamuuliza, "Mama, umepoteza nini?" Akaendelea kuchimbua. Ameweka vipande kwenye ungo, kimoja kimoja, kama anachambua mchele.

Sikutoka kwa huruma. Nilitoka na hasira zangu.

"Unafanya nini?"

"Nawatafuta samaki wako."

"Wamekwisha kuvunjika."

"Najua." Hakuinua kichwa. "Ila sijui kipi ni jiwe na kipi ni samaki. Na siku ile sikujua. Hakuna aliyewahi kunionyesha."

Akatia kipande kingine kwenye ungo.

"Nikija kumtazama ndugu yangu, nyinyi mko chumba cha uani, mlango umefungwa, vumbi lisitoke. Nasikia mnacheka. Mimi nakaa sebuleni nakunywa chai yangu, narudi Takaungu." Ndipo akanitazama. "Yule nimembeba mgongoni, wifi, mama yetu akiwa shamba. Nimemzika, na mlango wa nyumba yake nimefungiwa. Nikamlilie wapi?"

Dada zangu, sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi hata mara moja. Nilikuwa nimeuchukua msiba wote nikaingia nao ndani.

Nikakaa chini pale pale, kwenye vumbi. Nikachambua ule ungo, nikapata kichwa cha samaki kilichopona nusu. Nikamshika mkono, nikamwekea kidole. "Hapa ni jicho. Hapa ni taya. Hii mistari ni mapezi ya kifuani." Akapapasa polepole. Kisha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekaa nacho tangu maziko, nami nikalia naye, mpaka jirani akatuletea maji na kutusimamia watu wasitupite juu.

Tulichimba asubuhi kadhaa. Majirani wakatusaidia, kisha wakaleta kifusi cha matumbawe kulijaza tena shimo. Sitawadanganya kwamba tuliwapata. Wazima ni wachache, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine ni vipande, na wengi wamekuwa unga. Vipande vile tunaviunga kwa gundi, mimi na wifi. Ana macho mazuri kuliko nilivyodhani. Kuna siku tunafanya kazi tangu asubuhi na hakuna kinachoshikana, tunafunga tunakula.

Watu wa makumbusho walikuja mwishowe. Binti mmoja mpole, akatazama vilivyobaki, akapiga picha, akauliza, "Walikuwa wengi?"

Wifi akainamisha kichwa. Nikamjibu, "Walitosha."

Nimerudi kupaka. Mkono bado huteleza nikiwa nimechoka, nawaambia wateja wangu wasubiri nipumzike. Nalala usiku, si kila usiku. Nikipita pale kichochoroni hadi leo napinda, naambaa na ukuta, sipiti katikati.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule jirani wa maji, yupo hapa, ananikunjia uso nisimtaje. Nawashukuru nyinyi, mlioniacha nikae katika mkutano huu mara nyingi bila kusema neno, na hamkunisukuma. Na namshukuru wifi yangu, ambaye leo amebaki nyumbani kwa sababu magoti yanamuuma.

Neno langu ni dogo, na nalielekeza kwa dada yetu aliyekaa karibu na dirisha, aliyetoka eda juzi. Mwanangu, watakutupia vitu vyako. Watafanya kwa mapenzi, mikono yao imejaa kazi yako, na wataharibu kisichoundwa tena. Utakuwa na haki ya kulia, lia. Lakini mtazame na huyo aliyekiharibu, umuulize na yeye amefiwa na nani. Mimi nilichelewa kuuliza, na katika muda huo wote ndugu wa mume wangu alikuwa akimlilia barabarani.

Basi. Mrehemuni marehemu wangu kwa dua moja, nami nitawaombea wenu.