Jogoo wa Madoa na Mayai Tisa ya Mama Shungi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shungi, aliagiza mambo mawili kuhusu karatasi hii ya wasifu wake. La kwanza, isiandikwe kwamba alikuwa mpole. La pili, tarehe ziwe sahihi. Mdogo wake, anayeisoma mbele yenu, atayatimiza yote mawili, na mwenye kuudhika audhike.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili, chumba namba kumi na moja. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yao alikuwa mtunza stoo, mama yao alishona viti vya mabehewa. Kaka alimtangulia kwa miaka miwili, na mdogo wake akafuata baada ya minne.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza Novemba 1974. Katika mtihani wa mwisho alipata hesabu zote hamsini. Kaka yake, aliyekuwa amerudia darasa mara mbili wakajikuta wanakaa dawati moja, alipata ishirini na mbili. Nafasi ya kuendelea ilikuwa ya mtoto mmoja tu, na aliyenunuliwa viatu vya sekondari ni kaka. Baba alisema msichana ataolewa. Marehemu hakulia. Kila likizo alichukua madaftari ya kaka yake, akamfanyia hesabu zote kwa penseli, na kaka akarudi nazo shuleni akapigiwa makofi. Hilo halijawahi kusemwa hadharani, basi leo limesemwa.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na minane mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Kila wodi ilikuwa na uzi wake uliotiwa kwenye pembe ya shuka: mwekundu wa wazazi, wa bluu wa watoto, wa njano wa upasuaji. Shuka hazikupotea mikononi mwake. Nyuzi hizo mzikumbuke, zitarudi.

Tarehe 14 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za posta. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi umeme. Ilikuwa mwaka 1989 mume alipoleta nyumbani kuku wa kitoweo aliyekuwa na shungi kubwa kichwani, manyoya yamemfunika macho, anagonga kila mguu wa meza.

“Mume wangu, huyu umemnunua au umemwokota?” marehemu aliuliza.

“Nimemnunua. Muuzaji alinipunguzia. Anasema hamwoni mwewe, kwa hiyo hatadumu.”

“Basi leo haliwi. Nataka nijue kama watoto wake nao hawataona.”

Kuanzia siku hiyo marehemu alikuwa na shabaha moja: kuku mwenye shungi iliyojaa, rangi ya kijivu safi, na macho yaliyo wazi kumwona mwewe. Kila kifaranga kilichoanguliwa kilifungwa uzi wa kufulia mguuni, rangi moja kwa kila mama. Uzi ulibadilishwa wiki ya tatu na ya sita ili usimkate mguu ukinenepa. Kisha daftari: tarehe, baba, mama, rangi ya siku ya kwanza, ukubwa wa nundu kichwani ambayo ndiyo shungi yenyewe kabla haijaota, halafu siku ya kumi, wiki ya sita, mwezi wa tano. Mume alimtengenezea mashine ya kutotoleshea kwa sanduku la redio na taa mbili. Watu walisema fundi saa kaoa kichaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu zake zilikuwa za kuku.

Mwaka 1997 bwana mifugo alipita akaona vifaranga vyeupe-vyeupe vyenye rangi ya moshi, wale ambao hukua wakawa na madoa kama nguo iliyorukiwa na matope.

“Mama, hawa wa madoa toa wote. Wanakuharibia rangi.”

“Umewahesabu?”

“Niwahesabu wa nini?”

“Mimi nimewahesabu. Kaa hapo.”

Akamfungulia daftari. Wa kijivu kwa wa kijivu, vifaranga mia nne na kumi na mbili: mia mbili na saba wa kijivu, mia moja na wanne weusi, mia moja na mmoja wa madoa. Nusu, robo, robo. Lakini mweusi kwa wa madoa, vifaranga mia moja sitini na watatu: wote wa kijivu, hakuna hata mmoja aliyekwenda kando. Wale wabaya aliotakiwa kuwatupa ndio waliokuwa wakimpa wazuri. Bwana mifugo alikunja miguu akasoma mpaka chai ikapoa. Yuko hapa leo, safu ya tatu, na ni yeye peke yake nje ya familia aliyeuliza, “Kuku wako salama?” Wengine mliuliza chakula kitakuwa saa ngapi.

Mume alifariki tarehe 22 Mei 2013. Marehemu aliendelea na daftari la tisa.

Kazi hiyo ilikamilika Februari 2022, baada ya miaka thelathini na mitatu, alipoanguliwa jogoo wa madoa mwenye shungi iliyolala nyuma, macho yote mawili nje. Yeye mwenyewe hakuwa wa kijivu, lakini kwa jike mweusi angetoa wa kijivu watupu. Alimwita Chokaa. Mwewe akipita juu ya paa, Chokaa ndiye aliyepiga kelele kwanza. Marehemu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akajishika mbavu, na mdogo wake hajawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Oktoba mwaka huo figo zilianza kumsumbua. Alipelekwa hospitali ileile, akalalia shuka zilezile, na aliwaambia wauguzi kwamba nyuzi zimeshonwa vibaya. Tarehe 2 Novemba 2023, akiwa amerudi nyumbani, aliweka mashineni mayai kumi na matatu ya Chokaa na majike weusi. Alichora msalaba upande mmoja na duara upande wa pili ili anayegeuza asikosee. Siku ya saba aliyamulika kwa tochi akiwa kitandani, akatoa mawili yasiyo na kitu. Yakabaki kumi na moja. Alifariki Jumatatu, tarehe 13 Novemba, saa nane mchana. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake lilikuwa, “Ugeuze.”

Hapa wasifu wa kawaida ungeishia. Huu hauishii hapa.

Jumanne, tarehe 14, waombolezaji walikuwa wamejaa uani. Mdogo wake alipewa sahani, akala paja, akasifia mchuzi. Saa tisa alikwenda nyuma kumwaga maji, akaikuta ndoo. Ndani yake kulikuwa na miguu thelathini na minane ya kuku, na kila jozi ilikuwa na uzi. Mwekundu. Wa bluu. Wa njano.

“Kaka, umewachinja wote?”

“Kumi na tisa tu. Hata hawakutosha.”

“Na jogoo wa madoa?”

“Yule mchafu? Nilianza na yeye. Mdogo wangu, kuku ni kuku. Watu wangekula nini?”

“Sokoni kuna kuku wangapi, kaka?”

“Maji yakimwagika hayazoleki. Usinitie aibu mbele za watu.”

Miaka thelathini na minne ya hesabu za mwanamke aliyenyimwa shule, kaka akaimeza kwa saa moja, halafu akalalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu. Asiyejua maana haambiwi maana. Mdogo wake amekasirika, na anataka ijulikane kwamba amekasirika. Amejikasirikia na yeye mwenyewe, kwa lile paja.

Jumatano saa mbili asubuhi fundi wa spika alichomoa waya wa mashine ya mayai chumba cha nyuma ili ajaribu vipaza sauti. Mashine ilikaa baridi saa tatu. Binti wa marehemu ndiye aliyegundua, akarudisha umeme, na tangu hapo analala sakafuni kando ya soketi, bisibisi mkononi. Alhamisi waliyamulika mayai tena, yeye na bwana mifugo. Mawili yalikuwa yametulia tuli. Tisa yalikuwa yakicheza.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja, mdogo mmoja, madaftari kumi na manne, na mayai tisa ambayo leo yana siku kumi na sita. Yatatotolewa Alhamisi, tarehe 23. Kwa hesabu yake wote tisa watakuwa wa kijivu. Wakikua wakapandishwa wao kwa wao, mmoja kati ya wanne wa watoto wao atatoka na madoa. Kaka, jogoo uliyemla yumo humo ndani. Ukimwona anakuja, usimguse.

Mkitoka hapa makaburini mtarudi nyumbani kunawa mikono. Maji yapo uani, chakula kimenunuliwa sokoni. Mlango wa chumba cha nyuma usifunguliwe na mtu yeyote.

Dada apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki hatupumziki mpaka Alhamisi.