Sahani Moja ya Mama Godelive

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Mama Godelive anakabidhi ufunguo wa chumba cha kufulia baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja. Aliyeombwa kuandika habari zake alikuwa ameshatayarisha ukurasa mzuri kuhusu mashuka na sabuni. Ukurasa huo umetupwa. Yaliyotokea mwezi wa tano yalituacha midomo wazi, na wengine hatujaifunga hadi leo.

Alitoka Djugu akiwa mama kijana, akapanga chumba mtaa wa Saio, hapa Bunia, na kuanza kutufulia kwa mikono. Mashine ilipofika aliitazama kwa mashaka, nayo ikaharibika mvua za kwanza tu. Miaka ya vita, mabomba yalipokauka, alibeba maji kichwani kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, na wagonjwa wakalala juu ya mashuka safi. Daktari Fabien hajasahau simu aliyoiacha ndani ya koti lake jeupe. Ilifuliwa, ikaanikwa, ikarudishwa imekunjwa pamoja na koti. Alipolalamika alijibiwa, "Munganga, mufuko ni yako, sabuni ni yangu."

Kwetu mgonjwa haji hospitali peke yake. Huja na garde-malade, ndugu wa kumpikia uji nyuma ya wodi, kumgeuza na kumwogesha. Asiye na ndugu hutazama sahani za wenzake, na tangu watu waanze kukimbia vijiji vyao, hao ni wengi. Kila siku saa sita mchana Mama Godelive alisimama mlangoni mwa wodi na chakula chake mwenyewe, fufu na sombe ya majani ya muhogo, akauliza, "Nani hapa haina mutu?" Mkono ukiinuka, aliketi kando ya kitanda, akaomba kwa maneno machache, akagawa chakula nusu kwa nusu.

Tulimtania sana, tukamwita waziri wa chakula. Bénédicte, mkuu wa wauguzi, alimwambia waziwazi kwamba sahani moja haiwezi kumaliza njaa ya Ituri. Mama Godelive hakukasirika. "Yesu hakuniambia nikulishe Bunia yote," alisema. "Alinionesha tu huyu mutu moja."

Mwezi wa tano tumbo lilimwangusha, akapasuliwa siku hiyohiyo. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo bado linatuuma. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mwanamke aliyeuguza watu wote hawezi kukosa watu. Mume wake alishafariki, binti yake wa pekee yuko Kisangani, na ndugu zake wa Djugu wametawanyika. Siku ya pili Bénédicte alimkuta midomo imekauka na homa imepanda, pembeni hamna sufuria wala kikombe. Tulishikwa na aibu, tukaogopa kweli. Daktari Fabien alisema kwamba bila mtu wa kukaa naye na kumnywesha kidogokidogo, tungempoteza. Bénédicte alibaki naye, na Sébastien wa ofisi ya wafanyakazi akakimbilia redioni na tangazo: ndugu yeyote wa Mama Godelive afike haraka na sufuria na makaa.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wetu Vital aliomba msaada langoni. Claude, dereva wa pikipiki wa mtaa wa Rwambuzi, alikuja na chupa ya chai. Kina mama wa kambi ya wakimbizi walileta kuku. Pétronille, mchuuzi wa samaki, alifika kutoka Mahagi-Port juu ya lori, nguo zote vumbi. Kila mmoja alisema ni mtoto wa Mama Godelive, na kanuni inaruhusu garde-malade mmoja tu.

"Muzee, weye hauwezi kuwa mutoto yake, unamupita miaka," Vital alimwambia Mzee Anaclet, aliyefuatana na kina mama wa kambi.

"Alinikulisha na mukono yake," mzee akajibu. "Sasa weye unaniita nani?"

Vital alifungua lango. Watu ambao sokoni hawasalimiani, kwa mambo ya vita ambayo wote tunayajua, waliinama kwenye mafiga yaleyale na kupuliza moto mmoja. Wengine wetu tulilia bila kujificha.

Tulikuwa hatujasikia yote. Pétronille alitusimulia kwamba kwenye kituo cha afya cha Mahagi-Port yeye hupita na samaki, akiuliza swali lilelile. Claude huliuliza gerezani. Mzee Anaclet huliuliza kambini kwake, kila familia mpya inapofika. Hawakuwa wanafahamiana, na Mama Godelive hakuwa na habari. Alipoambiwa alijifunika uso kwa shuka, shuka alilolifua mwenyewe.

Siku alipoweza kuinua kichwa aliona vikombe vya uji pande zote. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani hapa haina mutu?" Wodi nzima ilitazamana. Hakuna mkono ulioinuka, maana wageni wake walikuwa wameshapita kitanda kwa kitanda.

Mama Godelive, asante kwa mashuka, na asante kwa nusu ya chakula chako. Mungu akupe afya, na siku zako Saio ziwe za utulivu na wajukuu. Saa sita ikifika usihangaike. Jumatatu Bénédicte ndiye atakayesimama mlangoni, na sahani ameshainunua.